Maneno ya Chini ya Ukurasa

Msomaji wangu, ukifungua kitabu cha wanavyuoni utaona kwamba aghalabu kurasa zake zina maandishi ya namna mbili. Juu mna habari yenyewe, kwa herufi za kawaida. Chini mna tanbihi, kwa herufi ndogo zinazochosha macho. Wengi wetu huziruka tanbihi. Mimi nami nilikuwa mmoja wa hao mpaka siku moja, katika maktaba ya chuo cha ualimu, nilipokuwa nikisoma insha ya David Hume. Nilishuka kwa jicho mpaka chini ya ukurasa, nikakuta kwamba pale chini nazungumzwa mimi, na baba yangu, na babu yangu, na kwamba hukumu imekwisha kutolewa.

Nataka nikueleze habari za tanbihi ile: ni nani aliyeiandika, aliitoa wapi, ilisafiri mpaka wapi, na ni watu gani waliokuwa hai siku zile ambao maisha yao yalikuwa jibu tosha kwake. Nitasema pia jambo lililonikera kuliko ujinga wenyewe, maana ujinga ni kitu cha kusamehewa.

David Hume alizaliwa Edinburgh, katika Skotlandi, mwaka wa 1711, akafa huko huko mwaka wa 1776. Hakuwa mtu mdogo. Wanavyuoni humhesabu kuwa mmoja wa wanafalsafa wakubwa kabisa waliopata kuandika kwa Kiingereza, nami sipingi. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu shaka. Alionyesha kwamba mengi tunayodai kuyajua hatuyajui, ila tumeyazoea tu. Mwaka wa 1748 alitoa kitabu chenye sura mashuhuri juu ya miujiza, na humo aliweka kanuni ya kupima ushahidi. Kwa ufupi alisema kwamba imani ya mtu isizidi uzito wa ushahidi alio nao. Mtu akiletewa habari ya ajabu, na aulize kwanza: walioileta ni wangapi? Ni watu wa tabia gani? Maneno yao yanapatana au yanapingana? Je, wana faida yo yote katika jambo wanalolishuhudia? Kanuni hii ni nzuri mno, wala sijaona hakimu mwema asiyeitumia. Ishike, kwa maana tutairudia.

Mwaka ule ule wa 1748 Hume alitoa pia insha juu ya tabia za mataifa. Watu wengi wa wakati wake walisema kwamba tabia ya taifa hutokana na hewa, joto na baridi. Hume aliwapinga. Alisema tabia hutokana na serikali, desturi, kazi na watu unaokaa nao. Alitoa mifano kwa ustadi: Athene na Thebe za Wayunani wa kale zilikuwa karibu, mwendo wa siku moja tu, na hewa yake karibu ni ile ile, lakini watu wa Athene walisifiwa kwa wepesi wa akili na wa Thebe kwa uzito. Uchina ni nchi kubwa yenye hewa za kila namna, lakini watu wake wana desturi moja kwa sababu wana serikali moja. Askari popote duniani hufanana na askari mwenzake, na kasisi na kasisi mwenzake, kwa kuwa kazi zao ni moja. Mtu akisoma maneno hayo atatazamia kwamba mwandishi akifika kwa Mwafrika atasema vivyo hivyo: huyu yuko hivi kwa sababu ya hali aliyowekwa, si kwa sababu ya ngozi yake.

Basi sivyo. Katika toleo jipya lililoanza kutoka mwaka wa 1753, Hume aliongeza tanbihi. Humo alisema anashuku kwamba watu weusi, na kwa jumla watu wote wasio weupe, wameumbwa duni kuliko weupe. Alisema halijapata kuwako taifa lililostaarabika ambalo si la weupe, wala mtu mmoja mashuhuri kwa matendo au kwa fikira. Kwamba hawana viwanda vya kusifika, wala sanaa, wala elimu. Watumwa weusi, alisema, wametawanyika Ulaya nzima, na hakuna hata mmoja aliyeonyesha dalili ya akili. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kwamba kuna mwiba katika njia yake, akaongeza kwamba huko Jamaika husemwa habari za mtu mweusi mmoja mwenye elimu. Lakini yamkini huyo husifiwa kwa vijimambo vidogo tu, mfano wa kasuku asemaye maneno machache kwa ufasaha.

Sasa ichukue ile kanuni ya miujiza uiweke juu ya tanbihi hii. Mashahidi wa Hume ni akina nani? Hakupata kukanyaga Afrika. Kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwaka wa 1734, alikaa miezi michache katika ofisi ya mfanyabiashara huko Bristol, bandari iliyotajirika kwa sukari na kwa kuwachukua watu Afrika na kuwauza ng'ambo. Habari za Waafrika zilizofika Uingereza siku zile zilipitia kwa manahodha wa meli za watumwa, kwa wenye mashamba ya miwa, na kwa wasafiri waliokula mezani pao. Je, watu hao walikuwa na faida katika jambo walilolishuhudia? Walikuwa nayo, na ilihesabiwa kwa fedha. Nahodha akikiri kwamba shehena yake ni watu kamili kama yeye, atalalaje usiku? Hume, aliyewakataa mitume kwa kukosa mashahidi wa kutosha, aliwakubali wauza watu bila ya kuwauliza swali hata moja.

Ni haki niseme na upande wa pili. Mwaka wa 1752 Hume huyu huyu aliandika kuulaani utumwa wa Warumi na Wayunani, akisema kwamba humfanya bwana kuwa katili. Lakini iko pia barua yake ya mwaka wa 1766, ambayo wanavyuoni waliitangaza katika miaka ya karibuni, akimhimiza Lord Hertford, mlezi wake, ashiriki katika kununua mashamba kisiwani Grenada, mashamba yaliyolimwa na watumwa. Moyo wa binadamu una vyumba vingi, na milango ya katikati mara nyingine hufungwa.

Sasa twende kwa watu ambao Hume alisema hawako.

Wa kwanza ni Anton Wilhelm Amo. Alizaliwa karibu na Axim, katika pwani ya nchi ambayo leo ni Ghana, yapata mwaka wa 1703. Akiwa mtoto mdogo alipelekwa Uholanzi kwa meli ya kampuni ya Kiholanzi ya West India, na mwaka wa 1707 akatolewa zawadi kwa mtawala wa Brunswick-Wolfenbüttel huko Ujerumani. Mwaka uliofuata alibatizwa, akapewa majina ya mtawala yule na ya mwanawe, lakini jina la Amo hakuliacha, na katika vitabu vyake alijiandika kuwa ni mtu wa Axim. Alisomeshwa. Mwaka wa 1727 aliingia chuo kikuu cha Halle, na mwaka wa 1729 alijadili mbele ya wanavyuoni suala la haki za watu weusi walioko Ulaya. Ole wetu, maandishi ya mjadala ule yamepotea. Kama ningeambiwa nichague kitabu kimoja kilichopotea kirudi duniani, labda ningekichagua hicho.

Kutoka Halle alikwenda Wittenberg, na mwaka wa 1734, mwaka ule ule ambao kijana Hume alikuwa karani huko Bristol, Amo alitetea kitabu chake juu ya akili ya binadamu. Alishindana na mawazo ya Descartes, mwanafalsafa mkuu wa Ufaransa. Alisema kuhisi joto, baridi au maumivu ni kazi ya mwili ulio hai, wala si kazi ya akili. Na kwamba Descartes alichanganya mambo mawili yasiyochanganyika. Unaweza kumkubali au kumkataa. Hata leo wako wanaobishana juu ya jambo hili. Lakini kasuku habishani na Descartes. Mkuu wa chuo kikuu cha Wittenberg aliandika sifa za Amo zikachapishwa pamoja na kitabu, akawakumbusha wasomaji kwamba Afrika ndiyo iliyowatoa Terentio mshairi, na Tertuliano, na Agostino mtakatifu. Baadaye Amo alifundisha Halle, akatoa mwaka wa 1738 kitabu kikubwa zaidi juu ya namna ya kufikiri kwa makini, kisha akafundisha Jena. Vitabu vyote aliviandika kwa Kilatini, lugha ambayo kila mwanachuo wa Ulaya aliisoma. Havikufichwa.

Mwisho wake una huzuni. Walinzi wake walikufa, na mwaka wa 1747 yalichapwa mashairi ya kumfanyia dhihaka kwa ajili ya rangi yake. Punde akapanda meli akarudi alikozaliwa. Huko Axim, katika mwaka wa 1753, tabibu wa meli ya Kiholanzi, jina lake Gallandat, alikwenda kumwona. Aliandika kwamba alimkuta mtu wa miaka hamsini hivi, akiishi peke yake kama mtawa, mjuzi wa nyota na wa lugha nyingi, Kilatini na Kiyunani na Kiebrania zikiwamo. Baba yake na dada yake walikuwa hai, mwendo wa siku nne bara. Alikuwa na ndugu pia, na ndugu huyo alikuwa mtumwa huko Suriname.

Tazama mwaka, msomaji. Ni 1753. Katika mwaka ule ule tanbihi ilipokwenda kwa mpiga chapa, yule ambaye tanbihi ilisema hajapata kuzaliwa alikuwa ameketi Axim, akizungumza na mgeni.

Wa pili ni yule kasuku. Jina lake ni Francis Williams. Alizaliwa Jamaika mwishoni mwa karne ya kumi na saba. Baba yake, John Williams, alikuwa mtumwa aliyepata uhuru, akafanya biashara akatajirika. Na sitakuficha kwamba yeye na wanawe nao walimiliki watumwa, maana ndivyo mali ilivyokuwa katika kisiwa kile, na historia si ngano ya kuwapendeza watoto. Francis alisoma Uingereza, na mwaka wa 1721 aliandikishwa Lincoln's Inn, mahali wanaposomea mawakili wa London. Gazeti moja la London la mwaka wa 1771 lilisimulia kwamba aliwahi kupendekezwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikubwa cha wataalamu, akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Alirudi Jamaika. Mwaka wa 1730 Baraza la kisiwa lilitunga sheria ya kumnyang'anya haki ambazo baba yake alikuwa amezipata. Akapeleka malalamiko London, na sheria ile ikatanguliwa. Fikiri: mtu mweusi mmoja, katika kisiwa cha watumwa, alishindana na wenye mashamba wote kwa kalamu akawashinda. Hume alikuwa akiitafuta dalili ya akili. Sijui angetaka dalili gani zaidi.

Huko Spanish Town Williams alifungua shule, akawafundisha watoto kusoma, kuandika, Kilatini na hesabu. Alikuwa mwalimu mwenzangu. Mwaka wa 1759 alimtungia gavana mpya, George Haldane, shairi la Kilatini. Alikufa mwaka wa 1762. Miaka kumi na miwili baadaye Edward Long, mwenye shamba na mwenye watumwa, alitoa historia ya Jamaika katika majuzuu matatu. Humo alilichapa shairi la Williams, akalichambua neno kwa neno kwa jicho la kijicho, akatafuta makosa kama mtu atafutaye chawa, na akamtaja Hume kuwa shahidi wake. Nataka uone mzunguko huo. Wenye mashamba walisema, mwanafalsafa akaandika. Mwanafalsafa alipokwisha kuandika, wenye mashamba wakamnukuu. Kila mmoja alimwegemea mwenziwe, wala hapakuwa na ukuta nyuma yao.

Iko picha ya Williams, iliyopakwa rangi, katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert huko London. Amesimama mezani, vitabu nyuma yake, dirisha wazi kando. Kwa miaka mingi waliosoma vitabu waliitazama picha hiyo wakasema ni kejeli, kwa kuwa miguu yake imechorwa miembamba na kichwa kikubwa. Mwaka wa 2024 mwanahistoria Fara Dabhoiwala alitoa uchunguzi wake baada ya picha kupimwa kwa mitambo ya kisasa. Alieleza kwamba kitabu kilichofunguliwa mezani ni kile kikubwa cha Newton, katika ukurasa unaohusu hesabu za mwendo wa nyota zenye mkia. Na kwamba angani, nje ya dirisha, imechorwa nyota yenye mkia ya Halley, ambayo ilirudi mwaka wa 1759 kama ilivyotabiriwa. Kama ndivyo, basi Williams alitaka achorwe kama mtu aliyeifuata nyota ile kwa hesabu. Alijua wanavyomsema. Alijibu kwa picha, na jibu lake lilikaa ukutani zaidi ya miaka mia mbili na sitini kabla ya mtu kulisoma.

Tanbihi haikukaa Skotlandi. Ilivuka bahari mpaka Königsberg, mji ambao leo huitwa Kaliningrad na uko katika Urusi. Huko aliishi Immanuel Kant, aliyezaliwa mwaka wa 1724, na ambaye hakupata kusafiri nje ya jimbo lake la Prussia Mashariki, ingawa alifundisha jiografia ya dunia nzima kwa karibu miaka arobaini. (Mimi nami nimefundisha habari za nchi nisizozifika, kwa hiyo simcheki sana.) Mwaka wa 1764 Kant alichapisha kitabu kidogo juu ya uzuri na utukufu. Humo alimtaja Hume kwa jina, akarudia changamoto yake: nionyeshe mtu mweusi mmoja aliyefanya jambo kubwa katika sanaa au elimu. Halle na Jena zilikuwa katika nchi za Wajerumani, na vitabu vya Amo vilikuwa katika lugha aliyoisoma Kant tangu utotoni. Alikuwa akidai aonyeshwe kitu kilichokuwa katika rafu za jirani.

Katika kitabu hicho mna kisa ambacho ningependa ukitafakari. Padri mmoja wa Kifaransa, Labat, alikuwa amesimulia kwamba alimkemea seremala mweusi kwa kuwa mkali kwa wake zake. Seremala akamjibu kwamba Wazungu ndio wajinga: kwanza huwalegezea wake zao mno, kisha hulalamika wake hao wakiwatia wazimu. Kant alikiri kwamba pengine katika maneno hayo liko jambo la kufikiriwa. Lakini, akasema, mtu huyo alikuwa mweusi tangu kichwani mpaka miguuni, na hiyo ni hoja dhahiri kwamba alichosema ni upuzi. Nilipowasomea wanafunzi wangu kisa hiki, wasichana walisema kwamba seremala alikosea juu ya wake zake, nami nakubaliana nao. Lakini wao walipima neno alilolisema. Kant, mwalimu wa akili safi, hakulipima neno. Alipima ngozi ya msemaji.

Hapa ndipo penye jambo lile nililosema lilinikera kuliko ujinga. Kama makosa ya watu hawa yangekuwa ni kutojua tu, dawa yake ingekuwa rahisi: waletee Amo, waletee Williams, wataamini. Lakini Hume aliletewa habari za Williams, akasema kasuku. Kant aliletewa neno ambalo yeye mwenyewe aliliona lina maana, akalitupa. Ushahidi ulibisha hodi mlangoni, nao wakamtazama aliyeubeba, wakafunga mlango.

Tena haikuwa kwamba kila mtu wa karne ile alifikiri hivyo. Nasema hili kwa sababu husikia mara nyingi watu wakisema, waacheni wazee wale, walikuwa watu wa zama zao. James Beattie alikuwa mtu wa zama zizo hizo, tena Mskoti, mwalimu wa falsafa huko Aberdeen. Mwaka wa 1770 alitoa kitabu akamjibu Hume waziwazi. Alisema kwamba Uingereza na Ufaransa nazo, miaka elfu mbili nyuma, zilikuwa nchi za watu washenzi. Je, mtu wa Roma angekuwa na haki kusema Mwingereza hatastaarabika milele? Alisema kwamba falme za Meksiko na Peru haziwezi kujengwa wala kutawaliwa na watu wasio na akili. Na alisema kwamba mtumwa asiyefundishwa kusoma, asiyejua vizuri lugha ya bwana wake, asiyekuwa na rafiki wala saa yake mwenyewe, hawezi kuwa kipimo cha akili ya watu wake. Beattie hakuwa mwanafalsafa mkubwa kama Hume, wala Hume hakumpenda. Katika jambo hili alifikiri vizuri kumshinda.

Je, Hume alisikia? Alisikia kidogo, na kidogo hicho chasikitisha. Kabla ya kufa aliyasahihisha maandishi yake, na toleo likatoka mwaka wa 1777. Katika tanbihi alifuta maneno yaliyowahukumu watu wote wasio weupe. Wachina, Wahindi na watu wa Amerika waliachiliwa. Tukabaki sisi peke yetu. Na mahali aliposema kwamba taifa lililostaarabika halijapata kuwako, sasa alisema ni kama halijapata kuwako. Alipunguza neno, hakupunguza hukumu.

Kant huenda alikwenda mbali zaidi. Mwaka wa 1795, katika uzee, aliandika juu ya amani ya kudumu, akawalaumu Wazungu waliofika nchi za watu kama wageni wakajifanya wenyeji, na akavitaja visiwa vya sukari kuwa makao ya utumwa wa kikatili kuliko wote. Wako wanavyuoni wanaosema kwamba alitubu. Wako wanaosema hapana, kwa kuwa hakupata kuyakana maneno ya kwanza. Mimi naona ni vema kuyasoma yote mawili, bila kulifanya la pili lioshe la kwanza.

Juu ya Hegel nitapita haraka, ingawa yeye ndiye aliyetudhuru zaidi. Baina ya mwaka wa 1822 na 1831 aliwahutubia wanafunzi wake huko Berlin juu ya historia ya dunia. Aliikata Misri akaitenga na Afrika, kisha akasema sehemu iliyobaki haina historia, akaiacha asiitaje tena. Miaka ile ile Muyaka bin Haji alikuwa Mombasa akitunga mashairi juu ya vita na siasa za mji wake. Kisa cha Tambuka kilikuwa kimekwisha andikwa Pate tangu mwaka wa 1728, kama inavyohesabiwa. Ibn Battuta alikwisha fika Kilwa mwaka wa 1331 akaandika aliyoyaona. Maneno ya Hegel hata hivyo yaliishi. Mwishoni mwa mwaka wa 1963, majuma machache kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa tarehe 12 Desemba, Hugh Trevor-Roper, mwalimu wa historia wa Oxford, alisema katika hotuba zilizotangazwa na BBC kwamba historia ya Afrika kwa wakati ule haikuwako, ila historia ya Wazungu katika Afrika. Mengine yote ni giza. Mwaka wa 1967 Bethwell Ogot wa Kenya alitoa kitabu cha historia ya Wajaluo alichokitoa katika vinywa vya wazee, baada ya kuwapima mashahidi wake mmoja mmoja.

Nilipofundisha habari hizi kidato cha tatu, kijana mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, basi tusimsome tena Hume." Wenziwe walimpigia makofi. Najua hata ng'ambo wamelishindania jambo hili: mwaka wa 2020 chuo kikuu cha Edinburgh kiliondoa jina la Hume katika jengo lake moja refu. Sikumkemea kijana yule. Niliwapa darasa ile sura ya miujiza, nikawaambia waisome nyumbani, kisha kesho yake tuchore ubaoni safu mbili: upande mmoja madai ya tanbihi, upande wa pili mashahidi wa kila dai.

Safu ya kwanza ilijaa upesi. Msichana aliyepewa chaki kuandika safu ya pili alisimama kitambo, akaitazama insha juu na chini, kisha akageuka akaniuliza kama anaweza kumwandika Williams. Nikamwambia huyo ni shahidi wa upande wetu. Akasema, "Najua, Mwalimu. Lakini ndiye mtu pekee aliyemtaja." Basi akamwandika hapo, na kwa kuwa Hume hakumtaja kwa jina, yeye alilitaja.